Ndengu za Manjano: Kuloweka Mbegu Kabla ya Kupanda

SWALI: Ndengu zangu huota vizuri, lakini zikifika kimo cha kiganja hugeuka manjano. Nikizing'oa, mizizi haina vinundu vya maana. Udongo ulipimwa, pH (kipimo cha tindikali) ni 5.2. Nasikia mbegu zaweza kulowekwa kwa madini ya molibdenamu. Nipime vipi?
– Mkulima, Seme, Kisumu

JIBU: Udongo wako ndio hasa unaofaa tiba hiyo. Bakteria wa raizobia, wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi, hawawezi kunasa naitrojeni ya hewani bila molibdenamu, na mmea ukikosa naitrojeni hugeuka manjano. Kwenye udongo wenye tindikali madini hayo hushikwa na chuma cha udongo, mizizi isiyapate.

Kosa kubwa ni kupima kwa kijiko. Mbegu za ekari moja, kilo 8 hivi, zahitaji lita 8 za maji na gramu 4 tu za sodiamu molibdeti (chumvi yenye molibdenamu). Ikizidi, huunguza chipukizi. Pima gramu 10 kwa mzani mdogo wa kidijitali, yeyusha katika lita 1 ya maji. Chota mililita 400 za maji hayo, ongeza maji safi hadi lita 8. Yaliyobaki yaandike jina, yafungie mbali na watoto.

Loweka kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, isizidi hapo. Chuja, tandaza juu ya gunia kivulini hadi punje ziache kushikana. Ndipo upake raizobia ya ndengu (ya maharagwe ni aina nyingine), ukwepe jua, upande siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu. Mvua ikigoma, kausha mbegu kivulini, zitangoja siku chache. Raizobia iache hadi siku ya kupanda. Mbegu iliyokwisha kutoa kimea ikikauka, imekufa.

Mbegu hizo haziliwi. Maji ya kulowekea nayo ng'ombe wasiyanywe, maana molibdenamu nyingi huwapunguzia shaba mwilini.

Fosforasi ikikosekana, molibdenamu haitakufaa kitu, kwa hiyo weka TSP (mbolea ya fosforasi) wakati wa kupanda. Maua yakianza, chimba mimea michache upasue vinundu: wekundu ndani ni dalili kwamba vinafanya kazi, vikiwa vyeupe au kijani, havifanyi.

SWALI: Na maharagwe je?
– Msomaji, Butere

JIBU: Usiyaloweke usiku kucha. Hunywa maji kwa kasi, ngozi ikapasuka, mbegu ikaozea ardhini. Afadhali uchanganye chokaa ya kilimo na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa kiasi kinacholingana na vipimo vya shamba lako. pH ikipanda, molibdenamu iliyoshikwa huachiliwa.