Maswali ya Wasomaji: Ngozi ya Samaki kwa Vidonda Visivyopona

Makala ya toleo lililopita kuhusu warsha ya kitabibu juu ya upandikizaji wa ngozi ya samaki kwenye vidonda sugu imetuletea barua nyingi. Tumechagua hizi, na zile zilizouliza jambo lilelile tumeziunganisha.

SWALI: Daktari, nimeteuliwa kuhudhuria warsha ya aina hiyo. Mimi ni muuguzi ninayefunga vidonda kila siku. Ngozi ya samaki inafanya nini ambacho bendeji nzuri haifanyi, na nikifika huko nizingatie nini zaidi? – Muuguzi wa kliniki ya vidonda

JIBU: Ndugu muuguzi, kama unavyojua, kidonda sugu hakikuchelewa kupona tu, bali kimekwama. Vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuondoa tishu zilizoharibika huendelea kufanya kazi kupita kiasi, vikila hata kolajeni (protini inayoshikilia ngozi na tishu) mpya ambayo mwili unajaribu kuijenga, na hivyo seli zinazopaswa kufunika kidonda hukosa pa kujishikiza. Kipandikizi cha ngozi ya samaki huziba pengo hilo. Ngozi huondolewa magamba na seli zake zote, ikabaki kiunzi cha kolajeni chenye vitundu vingi, kisha hukaushwa na kufungashwa ikiwa haina vijidudu. Kikilazwa juu ya kidonda kilichoandaliwa, seli na mishipa midogo ya damu ya mgonjwa huingia ndani yake, na kadiri siku zinavyopita kiunzi huyeyuka na nafasi yake huchukuliwa na tishu ya mgonjwa mwenyewe. Bendeji huja na kuondoka, lakini kipandikizi hiki hakibanduliwi.

Kwa nini samaki, na si ng'ombe au nguruwe, ambao bidhaa zao zimetumika kwa kazi hii kwa miaka mingi? Tishu ya mnyama anayenyonyesha hulazimika kusafishwa kwa kemikali kali ili kuondoa hatari ya virusi na maambukizi mengine yanayoweza kuhamia kwa binadamu, na usafishaji huo huondoa pia mafuta na kuharibu sehemu ya muundo wake wa asili. Kwa samaki wa bahari za baridi hatari hiyo haijulikani kuwapo, kwa hiyo ngozi yake huandaliwa kwa upole zaidi na kubaki na vitundu vyake pamoja na mafuta ya omega-3. Bidhaa inayojulikana zaidi hutoka Isafjordur, mji mdogo wa wavuvi nchini Aislandi, ambako kampuni ya Kerecis hutumia ngozi ya samaki aitwaye kodi wa Atlantiki Kaskazini. Marekani iliiruhusu mwaka 2013.

Sasa kuhusu warsha. Sehemu ya mikono utaijua kabla ya chai ya saa nne: kulowesha kipande kwenye maji safi ya chumvi, kukikata kifuate umbo la kidonda, kukilaza kigusane na kitako chote cha kidonda bila kuacha mifuko ya hewa, kukishikiza kwa nyuzi, pini au plasta, kuweka juu yake wavu usionata kwenye kidonda, kisha bendeji ya kunyonya majimaji. Ninachokuomba ukifuatilie kwa makini ni kinachotangulia. Je, damu inafika mguuni? Je, kuna maambukizi, hasa yaliyoingia kwenye mfupa? Je, nyama iliyokufa imeondolewa mpaka kitako kikatoa damu kidogo? Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha unyayo amepewa buti maalumu au plasta ngumu ya kumwondolea uzito, au bado anatembea juu ya kidonda kilekile? Mwenye kidonda cha vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) amefungwa bendeji ya kubana? Kipandikizi cha gharama kubwa juu ya mguu usiopata damu ni fedha iliyotupwa, na kwa maoni yangu warsha inayotumia muda mwingi kwenye mkasi na muda mchache kwenye kupima mapigo ya mguu imepanga ratiba yake kinyume.

Kingine ni siku zinazofuata. Bendeji ya kwanza inapofunguliwa, mara nyingi baada ya wiki moja, kipandikizi huwa kimelainika na kuacha utando wa manjano unaofanana sana na uchafu wa kidonda. Muuguzi mwenye bidii huusugua wote, na pamoja nao huondoka kile kilichoanza kushika. Waombe wakufunzi wawaonyeshe picha za hatua hiyo, na wawaeleze jinsi ya kuitofautisha na usaha: harufu mbaya, wekundu unaoenea, joto na maumivu yanayoongezeka si dalili za kipandikizi kinachoyeyuka.

SWALI: Je, kuna ushahidi wowote, au ni biashara tu? Baba yangu ana kidonda cha mguu kwa muda mrefu na tumechoka na ahadi. – Msomaji

JIBU: Uchovu wenu una haki. Ushahidi upo, na ni mzuri kuliko wa bidhaa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya vidonda. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa za Ulaya kwa wagonjwa 255 wa kisukari wenye vidonda vya miguu vilivyoingia ndani sana, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya wiki 16, vidonda vilikuwa vimefunga kwa asilimia 44 ya waliopata ngozi ya samaki, ikilinganishwa na asilimia 26 ya waliopata matibabu ya kawaida peke yake. Tofauti hiyo si ndogo, lakini isome pia kutoka upande wa pili: zaidi ya nusu ya waliopandikizwa walikuwa bado hawajapona ndani ya muda huo. Anayewaahidi uhakika anawauzia kitu.

Waulizeni wanaomtibu mzee kama kidonda hupimwa upana wake kila wiki. Kidonda cha kisukari ambacho hakijapungua kwa nusu baada ya wiki 4 za matunzo sahihi kinastahili kuangaliwa upya. Na kama ni cha miaka mingi, waulizeni kuhusu kukata kipande kidogo kwa uchunguzi wa maabara, kwa sababu mara chache kidonda cha namna hiyo hugeuka saratani.

SWALI: Je, mwenye aleji ya samaki anaweza kutumia? Na dini inaruhusu? – Wasomaji kadhaa

JIBU: Mwenye aleji ya samaki asitumie, na aitaje kabla ya kuulizwa. Kuhusu dini, samaki huondoa pingamizi ambalo Waislamu na Wayahudi wengi wanalo kwa bidhaa za nguruwe, na Wahindu wengi kwa za ng'ombe. Anayejizuia kula kila chenye uhai aelezwe asili yake wazi na aamue mwenyewe. 

SWALI: Shikamoo Daktari. Niliona picha za madaktari wa Brazil wakifunika majeraha ya moto kwa ngozi ya sato. Mama ana kidonda cha kisukari kwenye kisigino. Je, naweza kusafisha ngozi ya samaki nyumbani, nikaichemsha au kuitia chumvi, na kumfunga? – Binti anayemuuguza mama yake

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usifanye hivyo hata kidogo. Picha ulizoona ni za kweli: huko Fortaleza watafiti wametumia ngozi ya sato kufunika majeraha ya moto, ili wagonjwa wasibadilishiwe bendeji mara kwa mara kwa maumivu. Lakini ngozi ile haikutoka jikoni. Ilisafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, ikahifadhiwa katika gliseroli, ikapigwa mionzi na kupimwa maabara kabla ya kumgusa mgonjwa. Tena ilitumika kama kifuniko cha muda cha jeraha la moto, jambo tofauti na kidonda cha kisukari.

Samaki mbichi hubeba bakteria ambao kwa mtu mwenye kisukari wanaweza kusababisha maambukizi ya kumpoteza mguu au maisha. Chumvi ya jikoni haiwamalizi wote, na kuchemsha hugeuza kolajeni kuwa ute usio na kiunzi chochote, yaani utakuwa umeharibu kile kile ulichokitaka.

Kisigino hicho kisiguse godoro: weka mto chini ya shavu la mguu, kisigino kikae hewani. Kisha mpeleke apimwe sukari, mapigo ya damu mguuni na hali ya mfupa. Akipata homa, au mguu ukiwa mweusi, ukivimba au ukinuka, msisubiri siku ya kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.