Muulize Fundi: Kijana alionekana akimeza vidonge, tumkate jina?

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni katibu wa kamati ya mbio za baiskeli za kata yetu, huku Uyui. Mwaka jana kijana aliyeshika nafasi ya pili alionekana akimeza vidonge chini ya mwembe kabla ya kipenga. Hakupimwa, wala hakuitwa kuulizwa, na mabati yake kumi alichukua. Lakini maneno hayajaisha, mpaka leo anaitwa "mtu wa dawa". Sasa nusu ya kamati inataka jina lake likatwe mwaka huu. Wanasema hata Ulaya walikosea kumwacha Chris Froome, yule bingwa wa baiskeli, ashindane akiwa na kesi ya dawa. Wewe uliyeshindana na unayetengeneza baiskeli mpaka leo, unasemaje?
Katibu, Uyui

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpeni namba ashindane. Nitakueleza kwa nini, na nitakueleza pia kazi ambayo kamati yenu haikuifanya mwaka jana.

Froome mmemtaja wenyewe, basi tuanze naye. Alizaliwa Nairobi, akaanzia mbio hukohuko Kenya, na ana pumu. Septemba 2017, kwenye mbio za Vuelta kule Hispania, mkojo wake ulikutwa na salbutamoli, dawa iliyomo kwenye ile inhela ya bluu ambayo wengi wetu tuna ndugu anayetembea nayo. Mchezaji anaruhusiwa kuivuta, ila isizidi kiwango: nanogramu 1,000 kwa mililita moja ya mkojo. Kipimo chake kilisoma 2,000. Kwa dawa za kundi hilo sheria haimsimamishi mtu papo hapo. Anajieleza huku akiendelea kushindana. Ilikuwa siri mpaka magazeti yalipoitoa Desemba. Mei 2018 akaenda mbio za Italia na tuhuma hiyo begani, na siku ya 19 akawaacha wenzake zikiwa zimebaki kilomita 80, akipanda mlima Finestre, ambao nusu yake ya juu ni barabara ya vumbi kama hizi zetu. Akachukua ubingwa. Waandaaji wa Tour de France, mbio kubwa za Ufaransa, wakataka kumzuia asiingie kwenye mbio zao. Tarehe 2 Julai UCI, chama cha baiskeli cha dunia, wakaifunga kesi bila kumtia hatiani, siku 5 tu kabla ya Tour kuanza.

Sasa waambie wenzako: wangemzuia ile Mei, leo tungekuwa na mtu aliyenyang'anywa mbio zake kwa kosa ambalo waliomshitaki wenyewe waliliacha. Nani angemrudishia mlima ule?

Najua watakachokujibu. Watakutajia Contador, na hapo wana hoja. Huyu alishinda Tour ya 2010, kisha mkojo wake ukakutwa na klenbuteroli, dawa iliyokatazwa, kidogo sana. Akasema ni nyama aliyokula. Chama cha kwao Hispania kikamsafisha, UCI na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, wakakata rufaa, naye akawa anashindana muda wote huo, akashinda na mbio za Italia za 2011. Februari 2012 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikamfungia miaka miwili na kumvua mataji yote mawili. Haikusema alikusudia kudanganya. Ilisema dawa imo mwilini mwako, ni jukumu lako.

Mimi fundi wa minyororo siwezi kuisahau Tour ile. Andy Schleck wa Luxembourg alikuwa amevaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza mbio, wanapanda mlima, akakanyaga kwa nguvu, mnyororo ukachomoka. Akashuka kuurudisha kwa mkono, Contador akampita. Siku ile alipoteza sekunde 39. Wiki moja baadaye, Paris, alizidiwa kwa sekunde 39 zilezile. Jezi aliipata miaka miwili baadaye, baada ya hukumu. Jezi ya kukabidhiwa baada ya miaka miwili haina barabara, haina watu wa kukushangilia, na mama yako hakukuona ukifika. Huyo ndiye ninayemlilia katika habari hizi za dawa, kuliko mshitakiwa na kuliko chama.

Kwa hiyo kosa silioni katika kumwacha mtuhumiwa ashindane. Kosa ni kesi kukaa miezi tisa, au mwaka na nusu, wakati matairi yanazunguka. Na ninyi kesi yenu imekaa mwaka mzima bila hata kufunguliwa.

Nikuambie lililonipata. Nilikuwa kijana, mbio za kwenda Sikonge na kurudi, kama kilomita 140. Wakati ule namba iliandikwa kwa wino kwenye kitambaa cheupe, unashonewa mgongoni kwa uzi mweusi. Yangu alinishonea dada yangu usiku, kwa mwanga wa koroboi. Mfukoni nilikuwa na kipande cha sega la asali, nimekifunga kwenye ganda la muhindi ili nta isishike nguo. Mtu akaniona nakilamba njiani. Tuliporudi mjini, mimi nikiwa wa kwanza, mzee mmoja wa kamati akaniita mbele ya umati, akasema huyu ametumia dawa. Nikamwonyesha lile ganda. Hakulifungua. Akatoa wembe, akakata uzi, akaivuta namba mgongoni mwangu na kuiweka mfukoni mwake. Nyuki walikuwa wanalizengea lile ganda mkononi mwangu, na bado hakuna aliyeinama hata kunusa. Dada yangu alikuwa amesimama pale na khanga mpya. Sikushindana tena.

Ndiyo maana nakuuliza: vile vidonge vilikuwa vya nini? Tabora hii, mtu akimeza vidonge asubuhi, cha kwanza kuuliza ni malaria. Huenda alikuwa kwenye dozi ya mseto na saa yake ilifika. Mseto haumo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa. Huenda ni panado. Na huenda kweli ni vitu vibaya alivyouziwa na mtu wa stendi. Hamjui, kwa sababu hamkuuliza.

Na hilo la tatu msilipuuze. Tom Simpson, Mwingereza, alifia mlima Ventoux tarehe 13 Julai 1967, katikati ya Tour, na mwili wake ulikutwa na amfetamini. Jua lilikuwa kali siku ile. Dawa hizo zinakuondolea hisia ya kuchoka, moyo unaendelea kukimbizwa wakati ulipaswa kupumzika. Fikiria jua letu la Oktoba. Mwiteni kijana kwanza kwa ajili ya uhai wake.

Kama angepimwa akakutwa na hatia, ningekuambia mfungieni, hata mwaka mzima. Akimaliza adhabu, arudi. David Millar wa Uingereza alinaswa 2004, akakaa nje miaka miwili, akarudi, akawa anasimama hadharani kueleza wenzake jinsi alivyoanguka. Lance Armstrong, Mmarekani, naye alifungiwa maisha mwaka 2012, na mataji yake 7 ya Tour hayakupewa mtu, nafasi ya kwanza imebaki wazi kwenye vitabu. Hao walichunguzwa. Kijana wenu kilichomhukumu ni mwembe na macho ya watu.

Fanyeni hivi. Mwiteni kabla ya mwezi wa mbio, pamoja na mzazi wake, watu wawili tu wa kamati, siyo kijiji kizima. Mwulizeni, msikilizeni. Kama bado ana karatasi ya zahanati, isomeni. Andikeni kanuni mbele ya washiriki wote: anayetumia dawa ya hospitali aseme asubuhi kwa mganga wa zahanati, na mwenye malalamiko ayalete siku hiyohiyo, kabla zawadi hazijatoka. Mkojo hamna pa kuupima, hilo lisiwatie aibu, lakini pia lisiwafanye muhukumu kwa kukisia.

Siku ya mbio, namba yake msimtumie kwa mtu. Mwiteni jina kwa sauti, mwenyekiti amkabidhi mkononi, wote wakiona.