Pointi zilipe kozi ya kwanza, si shahada

Swali la juma hili lilikuwa: "Je, supamaketi za Afrika Mashariki ziige za Uingereza, zimruhusu mteja kulipia masomo ya mbali kwa pointi za kadi yake?" Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa kozi ya kwanza tu. Anayemwambia mtu kwamba atafika shahada kwa kununua unga na sabuni anamdanganya, na hesabu yake nitaiweka hapa kila mmoja ajionee.

Ninaishi Uingereza na ninafanya kazi ya kutunza wazee. Huku ndiko jambo hili lilikotokea. Mwaka 1995 supamaketi ya Tesco ilitoa kadi yake ya Clubcard kwa wateja wa nchi nzima. Unaionyesha kwa keshia, unapata pointi moja kwa kila pauni unayotumia, na kila baada ya miezi mitatu pointi zinageuzwa vocha. Pointi 100 ni pauni 1. Vocha ukiirudisha dukani, pauni ni pauni. Ukiipeleka kwa washirika wa Tesco, yaani mikahawa, bustani za wanyama na kampuni za safari, thamani yake huzidishwa. Kwa kipindi fulani Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilikuwa mmoja wa washirika hao. Mtu alichukua vocha zilizotokana na maziwa na mkate wa watoto akazilipia ada ya kozi, yote au sehemu yake.

Wako waliodhani ni mbinu ya biashara tu na kwamba chuo kilijishusha. Sikubaliani nao. Chuo hicho tangu mwanzo kilikusudiwa watu ambao milango mingine imewafungia. Harold Wilson, aliyekuja kuwa waziri mkuu, alilitangaza wazo lake mwaka 1963, Jennie Lee, waziri katika serikali yake, akalipigania hadi likasimama, hati ya kifalme ikatolewa 1969, na wanafunzi wa kwanza wakaanza Januari 1971. Hakikudai vyeti vya sekondari ili mtu ajiunge. Masomo yalikuja kwa posta, na mengine kwa televisheni ya BBC saa ambazo watu wengi wamelala. Chuo cha namna hiyo kumfuata mwanafunzi hadi kwenye foleni ya supamaketi ni kuendelea na kazi ileile.

Niseme sasa kwa nini kozi ya kwanza ndiyo yenye uzito. Katika nyumba ambayo kila senti ina kazi yake, mama hawezi kutoa pesa ya chakula akajilipia masomo. Hata kama anaweza, nafsi yake haimruhusu. Kuna kodi ya nyumba, kuna ada za watoto, kuna wa nyumbani wanaosubiri kutumiwa. Pesa ya masomo yake yeye huwa ya mwisho katika orodha, na mwisho wa orodha haufikiwi. Vocha hazikuwa katika orodha hiyo. Hakuna aliyezipangia matumizi. Nilifanya kazi za usiku na mama mmoja kutoka Tanzania, mtu mzima kwangu, aliyekuwa akiziweka vocha zake katika kopo tupu la majani ya chai juu ya kabati. Aliniambia, "Mwanangu, mshahara una wenyewe. Hizi ni zangu."

Wakati huo chuo kilikuwa na kozi fupi za utangulizi zilizogharimu chini ya pauni 200, na yeye akachagua ya mambo ya afya na huduma za jamii, kazi aliyokuwa akiifanya kila siku bila mtu yeyote kumwuliza anajua nini. Vitabu vilikuja kwenye boksi. Tulikuwa tukimaliza mzunguko wa kuwageuza wazee vitandani, tunaandika kwenye faili, naye anakaa kwenye kile chumba kidogo cha wafanyakazi na kalamu ya wino mwekundu, anapiga mistari. Kazi yake ya kwanza iliporudi kutoka kwa mwalimu ilikuwa na maelezo pembeni kila ukurasa. Mwalimu hakumwandikia "vizuri" akaishia hapo. Alimwuliza kwa nini amesema hivi, ushahidi wake ni upi, na kwamba mfano wake wa mzee anayekataa kula aufafanue zaidi. Alinisomea maelezo yale yote kwa sauti. Nadhani hakuwahi kuulizwa maoni yake kwa maandishi tangu alipotoka darasa la saba.

Kwa hiyo ninapotetea pointi ninatetea hilo: mtu kujaribu bila kumnyang'anya mwingine kitu. Akishindwa, hakuna aliyelala njaa. Akifaulu, anajua sasa kwamba anaweza, na mtu anayejua kwamba anaweza hutafuta njia ya kulipia kinachofuata.

Ila kinachofuata hakilipiki kwa pointi. Chukua nyumba inayotumia pauni 60 kwa wiki. Kwa mwaka ni pauni 3,120, yaani pointi 3,120, yaani vocha za pauni 31 na senti 20. Zizidishe mara tatu, kiwango ambacho Tesco ilikiweka kwa washirika wake mwaka 2018, unapata pauni 93 na senti 60. Mwaka 2012 serikali ilipobadilisha utaratibu wa ada za vyuo, Chuo Huria kiliwatoza wanafunzi wapya wa England pauni 5,000 kwa masomo yanayolingana na mwaka mzima wa chuo cha kawaida, yaani krediti 120. Shahada ya heshima ni krediti 360, kwa hiyo pauni 15,000. Gawanya. Nyumba ile ingenunua chakula kwa miaka 160. Hata moduli moja ya krediti 60, pauni 2,500, ingehitaji karibu miaka 27 ya manunuzi.

Tena kiwango chenyewe hakikai mahali pamoja. Mwaka 2018 kuna washirika waliokuwa wakitoa mara nne wakashushwa hadi mara tatu, wateja wakalalamika mpaka mabadiliko yakasogezwa mbele miezi kadhaa. Juni 2023 mara tatu ikawa mara mbili. Ile pauni 93 ya mfano wangu ikawa pauni 62 na senti 40, na mteja hakuulizwa. Vocha nayo ina mwisho wake, miaka miwili. Huwezi kupanga masomo ya miaka sita juu ya kitu ambacho mwenye duka anaweza kukipunguza asubuhi moja.

Wasomaji wa Kenya hawahitaji kuelezwa sana hapa. Nakumatt ilikuwa supamaketi kubwa kuliko zote nchini, na matawi Uganda, Tanzania na Rwanda, na kadi yake ya Smart ilikuwa katika pochi za watu wengi. Ilipoanguka, rafu zikabaki tupu, na mwaka 2020 waliokuwa wakiidai wakapiga kura ivunjwe. Kama wenye kudai mamilioni walikuwa wakihangaika, mwenye pointi angedai kwa nani? Pointi si akiba. Benki ina sheria na bima ya amana nyuma yake. Pointi zina ahadi ya duka.

Na duka halitoi bure. Tesco ilifanya kazi na kampuni ya Clive Humby na Edwina Dunn, dunnhumby, kuchambua nani ananunua nini na lini. Inasimuliwa kwamba baada ya majaribio, mwenyekiti wa Tesco wa wakati huo, Ian MacLaurin, alisema kilichomtisha ni kwamba wachambuzi hao kwa miezi mitatu walikuwa wamewajua wateja wake kuliko yeye kwa miaka 30. Mteja analipa kwa habari za kapu lake: dawa anazonunua, nepi zilipoanza na zilipokoma, wiki ambayo pesa ilikuwa haba. Mimi binafsi naona bora habari hizo zirudi kwangu kama kitabu kuliko kama punguzo la biskuti. Lakini mtu ajue anachotoa.

Jambo jingine linanigusa zaidi kwa sababu ni letu sisi wageni. Mwaka huohuo wa 2012 England ilianza kutoa mikopo ya ada kwa wanaosoma kwa muda, na yule mama, ambaye alikuwa na haki ya kudumu ya ukaazi, aliacha kuhangaika na vocha akachukua mkopo akaendelea. Wenzake tuliokuja kwa viza ya kazi hatuupati mkopo huo. Kadi ya supamaketi haiulizi viza. Kwa mtu wa aina yangu pointi zilikuwa mlango pekee ambao haukuwa na askari, na kwa sababu hiyo sipendi kusikia zikidharauliwa na watu wenye milango mingine. Walioko huku wanaosoma haya wajue pia kwamba kabla ya kutumia hata senti, tovuti ya OpenLearn ya chuo hichohicho imekuwa ikitoa masomo ya bure tangu 2006, na hapo hawaangalii makaratasi. Mwenye makazi England na kipato kisichozidi pauni 25,000 kwa mwaka aulize kuhusu moduli za utangulizi zinazoitwa Access. Wengi wanazipata bila malipo.

Sasa nyumbani. Kadi za uaminifu tunazo, na Kenya watu wamekwisha kuzoea kulipia bidhaa kwa Bonga Points za kampuni ya simu ya Safaricom, kwa hiyo mteja hahitaji kufundishwa kwamba pointi zinaweza kununua kitu. Vyuo huria pia tunavyo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kina vituo mikoani. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023, makao yake Konza, mji wa teknolojia ulio kusini-mashariki mwa Nairobi. Kinachokosekana ni mkataba kati ya pande hizi mbili, na mkataba huo ukiandikwa vibaya utawaumiza walewale tunaotaka kuwasaidia.

Ningeomba duka lisitoe pointi za ziada kwa kununua vitu fulani pale yanapohusika masomo. Huku nimewaona watu wakitia kwenye troli vitu wasivyovihitaji kwa sababu kuponi imesema pointi maradufu. Mzazi akinunua katoni ya soda ili apate kozi, duka limekula mara mbili. Pointi zikishaombewa masomo zihamishiwe chuoni mara moja, zisomeke kama pesa kwenye akaunti ya mwanafunzi, ili duka likifungwa kesho zisifungwe nalo. Na chini ya risiti iandikwe shilingi, isiandikwe pointi. Mama akisoma "umefikisha shilingi 1,200 za masomo" anajua yuko wapi. Akisoma "pointi 6,000" anajua tu kwamba ni nyingi.

Vyuo navyo vina la kujibu. Mpango wa Uingereza ulifanya kazi kwa muda uliofanya kazi kwa sababu chuo kilikuwa tayari kuuza kozi moja, fupi, kwa mtu asiye na cheti wala nia ya kujisajili kwa shahada nzima, na kumpa mwalimu wa kumsahihishia kazi yake. Kama chuo kinataka ada ya muhula mzima kwa mkupuo mmoja, pointi za mwaka mzima hazitatosha hata fomu, na tutakuwa tumetengeneza tangazo la supamaketi. Naomba mhariri awapelekee swali hili wahusika wa Dar es Salaam na Konza: mnayo kozi moja ya miezi mitatu, isiyodai cheti, ambayo muuza mboga anaweza kuilipia peke yake? Bei yake ikijulikana, wenye maduka watajua pa kuanzia.