Picha ya kifua chako ni ya nani?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu bahasha moja, ile kubwa ya kaki ambayo mgonjwa hutoka nayo kwapani katika chumba cha eksirei, au hunyimwa. Nimezijibu tano.

Nilimpeleka mama Unguja kupigwa eksirei ya kifua. Tulipoomba filamu turudi nayo Pemba, tuliambiwa kuwa ni mali ya hospitali, tukapewa ripoti ya mistari mitatu. Je, ni kweli? (Msomaji wa Wete)

Ni kweli kwa upande mmoja, na upande huo ndio unaosikika sana dirishani. Filamu, jalada na kompyuta vimenunuliwa na hospitali, nayo ina wajibu wa kuvitunza ili daktari wa kesho aone alichokiona wa leo. Lakini khabari za kifua cha mama yako zilizomo ndani ya filamu hiyo ni jambo jengine. Mahakama ya Juu ya Kanada ililitenganisha vizuri suala hili mwaka 1992, katika kesi ya McInerney na MacDonald, ilipoamua kwamba makaratasi ni ya daktari, ila mgonjwa ana haki ya kuyaona na kupata nakala yake. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kupata taarifa zake, na taarifa za afya zimo katika zile zinazohesabiwa kuwa nyeti. Hilo linawagusa wagonjwa wetu wanaovushwa kwenda Muhimbili au Ocean Road. Hapa visiwani afya si jambo la Muungano, na hospitali zetu za serikali ziko chini ya Wizara ya Afya ya Zanzibar. Kwa hivyo sikushauri uende dirishani na kifungu cha Bara mkononi.

Nenda na barua fupi, na ndani yake usiombe filamu, omba nakala. Neno hilo huugeuza mzungumzo wote, kwa sababu karani anayelinda mali ya hospitali hana tena cha kulinda. Andika jina la mama kama lilivyo kwenye kadi yake, namba ya jalada, tarehe na aina ya picha, kisha ambatisha kivuli cha kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi. Ukikataliwa, muombe daktari dhamana akuandikie sababu. Nimeona mara nyingi kwamba sababu inayotamkwa kwa wepesi haiandikiki kwa wepesi.

Je, ni halali kutozwa fedha kwa nakala? (Msomaji wa Michenzani)

Gharama ya CD na muda wa mtu inaeleweka. Bei ya kumkatisha mtu tamaa haieleweki. Katika Umoja wa Ulaya nakala ya kwanza hutolewa bure, na Marekani huruhusu malipo yanayolingana na gharama tu. Wewe lipa, na udai risiti.

Baba alipigwa picha ya CT ya kichwa. Mtaalamu aliipiga picha skrini kwa simu, akanirushia kwa WhatsApp. Daktari wa India anasema haimtoshi. Kwani si picha ile ile? (Msomaji wa Jang'ombe)

Si ile ile, ndugu yangu. CT ni kama mkate wa boflo uliokatwa slesi nyembamba, mara nyengine mamia, na daktari huzipitia moja baada ya moja, juu hadi chini. Wewe umemtumia slesi moja. Tena kila slesi kwa kawaida hubeba ngazi 4,096 za weusi na weupe, na daktari huzisogeza kwa kipanya: akizivuta huku anaona mfupa, akizivuta kule anaona ubongo au damu iliyovuja. Picha ya kawaida ya simu ina ngazi 256 za kijivu, na WhatsApp huibana zaidi inapoituma kama picha. Kilichofichika hapo hakirudi kwa kukuza kwa vidole viwili.

Rudi ukaombe mafaili yenyewe ya DICOM, yaani mfumo unaotumiwa na mashine za picha za hospitali karibu duniani kote, kwenye CD au flashi. Usishtuke ukiibofya CD isifunguke, maana inahitaji programu yake. Weasis ni ya bure na inatosha. Nakili folda nzima, hata mafaili yenye majina yasiyo na maana kwako, kwa kuwa moja likipungua huenda limeondoka na slesi yenye jibu.

Mume wangu alikwenda kuchukua altrasaundi yangu bila ya kuniambia, akapewa. Wamefanya sawa? (Msomaji wa Chake Chake)

Hapana, dada. Wewe ni mtu mzima, na ndoa haimfanyi mume kuwa mwenye jalada lako. Angepewa kwa ruhusa yako, na iliyo bora ni ya maandishi.

Bibi ana filamu za zamani chini ya godoro. Tuzichome? (Msomaji wa Mkoani)

Msizichome, ni plastiki yenye madini ya fedha, na moshi wake si wa kuvuta. Zaidi ya hayo, mnaweza kuwa mnachoma jibu. Mtu akionekana na kivimbe kidogo kigumu kwenye pafu, swali la kwanza la daktari ni kama kilikuwapo zamani, na kisipobadilika kwa miaka 2 mara nyingi si cha hatari. Filamu ya chini ya godoro inaweza kumwepusha bibi na safari ya kuchomwa sindano kifuani.

Ila godoro si mahali pake. Unyevu wa kwetu huivimbisha ile tabaka ya juu, filamu zikagandana, na ukizibandua kwa nguvu picha hubaki upande usio wake. Zisimamisheni kabatini kama vitabu, kila moja ndani ya bahasha yake, na muangalie pembeni kama jina na tarehe bado vinasomeka. Visiposomeka, viandikeni juu ya bahasha leo, maadamu bibi mwenyewe anakumbuka mwaka aliopigwa.