Muulize Anti: Nimealikwa mgahawa wa Kihindi wa kifahari, naagizaje?

Wapendwa, mwezi huu barua nne zimenijia zikizungumzia kitu kimoja, nikaona nizijibu kwa pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ndo imebeba mengi.

Shikamoo Anti. Mi ni kijana wa miaka 27, wazazi wa mchumba wangu wametualika chakula cha jioni kwenye mgahawa wa Kihindi wa hadhi ya juu, ule wa kuvaa vizuri na kubuku mapema. Nimeangalia menyu yao mtandaoni nimechoka, majina siyajui hata moja, mara rogan josh mara do pyaza mara nini sijui. Sasa baba mkwe kasema mimi ndo nitaagizia meza nzima, tupo sita. Naogopa kuaibika Anti. Alafu nile kwa mkono au kwa uma? Mkwe Mtarajiwa.

Marahaba mwanangu. Kwanza tulia, hiyo kazi uliyopewa ni heshima na inawezekana kabisa.

Chakula cha Kihindi hakiagizwi kila mtu na sahani yake, kinaagizwa kwa meza, yaani vyombo vinakuja vinakaa katikati na kila mtu anachota kidogo hapa kidogo pale. Kwahiyo hujaambiwa umchagulie mama mkwe chakula chake, umeambiwa upange meza, na meza nzuri ni ile ambayo vyombo vyake havifanani. Mi nimeshakaa meza ya watu nane ambapo kila mmoja aliagiza anachopenda yeye bila kuongea na mwenzie, basi vikaja vyombo vitano vyote rojo la nyanya na krimu, vyote rangi ya chungwa, vyote vitamu kwa mbali, tulipofika katikati watu wameshakinai na chakula bado kimejaa pale. Iliniuma sana manake jikoni kwao kulikuwa na mambo mazuri ambayo hakuna aliyeyaonja.

Sasa we kwa watu sita fanya hivi. Chukua kitu kikavu kimoja au viwili vya kutoka kwenye tandoor, lile tanuri lao la udongo, samaki au kuku au kamba, hivyo vije mwanzo. Halafu rojo mbili ambazo ni tofauti kabisa, moja nzito ya nyama kama hiyo rogan josh, ambayo ni nyama ya kondoo au mbuzi ya Kashmir, na nyingine nyepesi yenye uchachu au nazi, ya kusini, Kerala au Goa. Mboga moja, dal moja, yaani mchuzi wa jamii ya dengu au choroko, wali mmoja, mtindi wa raita pembeni. Inatosha, usiongeze kwa woga, utaongeza baadae mkiona pengo.

Majina yasikutishe, mengi ni maelezo tu. Murgh ni kuku, gosht ni nyama, jhinga ni kamba, palak ni spinachi, aloo ni viazi, gobi ni koliflawa, methi ni uwatu, makhani ni ya siagi. Do pyaza ni chakula ambacho vitunguu vinaingia mara mbili. Ukiona dum, ujue kimepikwa kwenye chungu kilichofunikwa na mfuniko ukazibwa kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoke, ni upishi uliopata sifa kubwa Lucknow, na kama watakivunjia pale pale mezani basi waambie wote wanyamaze kidogo wainame, ile harufu ya zafarani na iliki inayotoka sekunde ile ya kwanza hairudi tena.

Naan, ile mikate yao, usiagize zote kwa mpigo. Nikueleze kwanini. Tandoor ni tanuri la udongo, umbo la mtungi mkubwa, mkaa unawaka chini na joto linaweza kupita nyuzi 400, mpishi anautandaza unga juu ya kitakia kidogo cha kitambaa anaupiga ukutani mwa tanuri kwa ndani, unanata hapo hapo, unatuna, unababuka madoa meusi, na ndani ya dakika moja au mbili anauchomoa na vyuma vyake viwili. Mkate wa namna hiyo uhai wake ni dakika chache, ukikaa unakuwa kama ngozi ya kiatu. Agiza mbili tatu, zikiisha agiza zingine, na wala hawatakuona msumbufu, wenyewe ndo wanavyopenda ziliwe.

Kuhusu mkono, kula mwanangu, kula kwa mkono wa kulia bila wasiwasi. Delhi kuna mgahawa unaitwa Bukhara, upo ndani ya hoteli kubwa tangu miaka ya 1970, wameshawalisha marais wa nchi kadhaa pale, na utaratibu wao ni kukuvalisha aproni uanze kula kwa vidole. Sasa kama rais anakula kwa vidole wewe unaogopa nini? Naan haikatwi kwa kisu, inachanwa kwa mkono na kuchotea rojo. Wali ukitaka kula kwa kijiko au uma kula, hakuna atakayekushangaa. Wasiwasi ukizidi, mtazame baba mkwe anafanyaje na wewe fuata. Na likija bakuli dogo la maji ya uvuguvugu lenye kipande cha limau, hilo ni la kunawia vidole.

Kuna kitu kimoja kinawashika sana wageni, panipuri au golgappa, vile viduara vyembamba vinavyokatika kama kaukau. Vinakuja na maji yenye nanaa na ukwaju kwenye kigudulia. Mimina maji ndani ya kiduara halafu tia mdomoni chote, chote kabisa, hapo hapo. Ukikizungusha mkononi huku unaongea kitalowa na kukupasukia kwenye shati, na ukikigawa mara mbili ndo kabisa. Wafundishe wakwe nao, mtacheka pamoja na barafu itakuwa imeshayeyuka kabla hata nyama haijafika... samahani, namaanisha ule ugeni kati yenu utakuwa umepungua.

La mwisho na ndo kubwa. Mhudumu akija usijifanye unajua. Mwambie tupo sita, mmoja hali nyama, mwingine hapendi pilipili, wazee wanapenda samaki, leo jikoni mnajivunia kipi? Halafu msikilize. Kwenye migahawa ya hadhi ile wahudumu wanaonjeshwa vyakula na kufundishwa kuvieleza, ni kazi yao na wengi wanaipenda. Baba mkwe akikuona unauliza kwa adabu na kuwajali wote waliokaa pale, basi ameshaona alichotaka kukiona.

Anti habari za kazi. Mama yangu ni mzee, pilipili hawezi hata chembe. Ndugu wanataka tumpeleke mgahawa wa Kihindi kwa birthday yake, mi naona ni kumtesa. Nikatae? Binti wa Mwisho.

Nzuri mwanangu, na usikatae. Watu wanachanganya viungo na pilipili, ni vitu viwili tofauti. Pilipili ilitoka bara la Amerika, Wareno ndo wanaosemekana kuifikisha India karne ya 16, kabla ya hapo Wahindi walikuwa wanapika vizuri tu kwa pilipili manga, tangawizi, iliki, bizari. Hata rangi isikudanganye, pilipili ya Kashmir inapaka chakula wekundu mkali lakini ukali wenyewe ni mdogo.

Mwombee korma, ambayo ni rojo laini isiyo kali, kuku wa malai tikka, yaani aliyelazwa kwenye krimu akachomwa, samaki wa moilee ambaye anapikwa na tui la nazi, na dal. Vindaloo na vyakula vya Chettinad, kule kusini mwa India, ni vikali, muweke navyo mbali. Ila ombi la kupunguza pilipili litoe mapema wakati wa kubuku, kwasababu rojo nyingi zinaanza kuandaliwa asubuhi na nyama inalala kwenye viungo tangu jana, pilipili ikishaingia haitolewi. Na ikitokea amewashwa usimpe maji, maji yanaisambaza tu, mpe lassi, kile kinywaji cha mtindi, au mtindi wenyewe, protini ya maziwa inaushika ule ukali na kuuondoa ulimini.

Anti, mume wangu ana aleji ya karanga na jamii zote za njugu na korosho, mbaya kabisa ya kumpeleka hospitali. Tumealikwa na bosi wake kula chakula cha Kihindi. Nikiuliza uliza mbele ya bosi si tutaonekana washamba? Mke Mwenye Hofu.

Dada yangu, hapa naomba unisikilize vizuri sana. Uliza. Uliza mbele ya bosi, uliza mbele ya yeyote.

Rafiki yangu wa karibu aliuliza mgahawa mmoja mzuri tu, akasema kuna karanga humu? Mhudumu akajibu hamna, na kweli karanga hazikuwepo, zilikuwepo korosho. Zilikuwa zimesagwa laini zimeyeyukia kwenye rojo, hakuna jicho la mtu ambalo lingeziona. Alikula vijiko vitatu midomo ikaanza kuvimba, sauti ikabadilika, mimi ndo niliyepekua pochi yake kutafuta sindano ya dawa huku mikono inatetemeka, tukaenda hospitali naye akiwa anapumua kwa shida. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile sikubali jibu la "nadhani haina".

Korosho na lozi zilizosagwa ndo zinazoleta ule ulaini wa korma na mara nyingi hata wa makhani, ni upishi wa siku nyingi wa majumba ya kifalme, na kadri mgahawa unavyokuwa wa hali ya juu ndivyo uwezekano wa kuzikuta unavyoongezeka. Zinaingia hadi kwenye marinedi ya kuku, kwenye kujazia kofta, yale madonge ya nyama au mboga, kwenye naan ya Peshawar inayojazwa njugu, kwenye pipi za mwisho zenye pistachio. Kwahiyo piga simu siku mbili kabla, ongea na meneja, taja kila jina, karanga, korosho, lozi, pistachio, jozi. Waulize kama wanatenga sufuria na vijiko, sio chakula tu. Siku yenyewe mkifika rudia tena kwa mhudumu, mwambie akamuulize mpishi ana kwa ana. Wakisita, mumeo asile hapo, anywe kitu akae na wenzie, atakula nyumbani. Na dawa yake iwe mfukoni mwake, sio kwenye gari.

Nigusie pia walio na shida na ngano maana nao wanaandika. Mvuje ule wanaouita hing, unaowekwa kwenye dal na mboga, ule wa unga wa dukani mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano. Dal inaonekana haina mkate wowote kumbe ngano imo. Hata papadum ya choroko, kile kimkate chembamba cha kukatika, uliza imekaangwa kwenye mafuta yaliyokaangia nini.

Anti naomba ukweli. Dal ni dal. Kwanini nilipe mara tano zaidi eti kwasababu taa ni za mwanga hafifu? Mbana Matumizi.

Ndugu yangu, swali lako nalikuta kila mahali na linanigusa. Mbona kwa chakula cha Kifaransa hatuulizi hivyo? Mwaka 1810 bwana mmoja aliyezaliwa Patna, Sake Dean Mahomed, alifungua mgahawa wa Kihindi London kwa ajili ya watu wenye uwezo, na mwaka 1812 akawa amefilisika. Ilibidi kusubiri hadi 2001 ndo migahawa ya Kihindi ya kwanza, Tamarind na Zaika, hapo hapo London, ipate nyota ya Michelin, ile tuzo kubwa ya migahawa ambayo juu kabisa ni nyota tatu. Na ni 2025 tu ndo mmoja, Trèsind Studio wa Dubai, umepata nyota tatu. Wapishi hawa wamehangaika muda mrefu kuonyesha kwamba upishi wao una thamani sawa na wa wengine, na jasho lao lilipwe.

Chukua hiyo dal. Dal makhani inayostahili jina inatengenezwa na choroko nyeusi nzima, inalowekwa, inawekwa kwenye moto mdogo usiku kucha, kuna mtu anaikoroga mpaka punje zinapasuka zenyewe na kuwa laini kama uji, ndo nyanya na siagi zinafuata. Hiyo saa nyingi za mtu na moto ndo unalipia. Ile dal nyepesi ya manjano nayo inamaliziwa na tadka, samli inapashwa mpaka karibu itoe moshi, bizari nyembamba inaingia inalia chaa, kitunguu saumu kinakimbilia rangi ya dhahabu, pilipili kavu moja, halafu vyote vinamiminwa juu sekunde ile ile. Ikichelewa dakika mbili saumu imeungua na dal imeharibika.

Lakini nakubaliana na wewe upande mmoja, ipo migahawa inayouza taa na viti. Kipimo changu ni dal na naan tupu isiyopakwa kitu. Nenda mchana kama wana menyu ya mchana, mara nyingi bei huwa chini, agiza hivyo viwili kwanza kabla ya kingine chochote. Dal ikija nyembamba ina maji juu na naan imepoa, lipa uondoke. Zikija sawasawa, mwite mhudumu umuulize kingine gani kimelala jikoni usiku kucha.