Mwanangu, kuhusu fidla ya mjukuu wangu

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Waaleykum salaam. Umeniuliza kama umnunulie mwanao fidla kubwa ili akue nayo, afanye mazoezi saa ngapi kwa siku, na kama umruhusu kupiga harusini, maana mwalimu wake hapo Bagamoyo amesema ana kipaji na watu wameshaanza kumwita.

Fidla kubwa usinunue. Sare ya shule unaweza kumnunulia pana akaikulia, fidla haikuliwi. Ikimzidi, mkono wa kushoto hunyooka mno, kiwiko hakipiti chini ya fidla, kidole cha nne hakifiki kwenye sauti yake, na bega hupanda kuelekea sikioni. Mtoto hujifunza kujikaza ili afike, na mkazo huo ukishazoeleka kuutoa ni kazi ya miaka. Kuna saizi za robo, nusu, robo tatu na kamili, na nyingine ndogo zaidi kwa watoto wadogo. Wa miaka tisa kwa kawaida huwa kwenye nusu au anaingia robo tatu, lakini mkono ndio unaoamua, si umri. Mwekee fidla begani, anyooshe mkono wa kushoto hadi kwenye kichwa cha fidla. Vidole viweze kukizunguka kile kichwa huku kiwiko kimepinda kidogo. Akikifikia kwa ncha za vidole tu, bado.

Fidla mpya ya bei nafuu mara nyingi huja daraja, kile kijimbao kinachobeba nyuzi, limelazwa. Usilisimamishe mwenyewe, mpe fundi. Daraja likiwa refu nyuzi hukaa juu, vidole vinauma, mtoto anaonekana mvivu kumbe anapigana na mbao. Mwambie pia fundi aangalie kile kijiti cha ndani kinachosimama bila gundi, na vigingi vya kukazia nyuzi kama vimekaa sawasawa kwenye matundu yake. Kama fedha ni chache, bora fidla ya kawaida iliyorekebishwa vizuri, na kinachobaki kilipie masomo.

Hewa yetu ya pwani nayo ina kazi yake. Masika vigingi huvimba na kukwama. Ukisafiri naye Dodoma kwenye ukavu vitalegea na nyuzi zote zitashuka. Fidla imeunganishwa kwa gundi ya ngozi, ambayo joto na unyevu huilainisha, na imefanywa hivyo makusudi ili kiungo kiachie kabla mbao haijapasuka. Kwa hiyo usiiache ndani ya gari juani, hata kwa nusu saa. Ukisikia mtetemo usioeleweka, gonga taratibu kwa kifundo cha kidole kuzunguka kingo zote: mahali pa sauti iliyokufa ndipo palipoachia. Mpelekee fundi, na mwambie asitie gundi ya maji ya seremala, maana hiyo ikishika haiachii tena.

Nyuzi zibadilishwe mmoja mmoja. Ukizifungua zote nne kwa pamoja daraja litaanguka, na kijiti cha ndani kinaweza kuanguka nalo. Upinde ukazwe mpaka katikati, kati ya mti na singa, yaani zile nywele zake, pawe na nafasi ya upana wa penseli, kisha ulegezwe kila amalizapo. Usipolegezwa mti hupoteza mpindo wake. Singa zisiguswe kwa vidole. Vumbi la rozini, ule utomvu mkavu unaopakwa kwenye singa, lifutwe juu ya fidla kwa kitambaa kikavu kila siku, likiachwa huganda kwenye vanishi.

Mazoezi: dakika arobaini zinamtosha sasa, zigawanywe mara mbili, ishirini asubuhi na ishirini baada ya madrasa. Aanze na nyuzi tupu, bila kuzibonyeza, mbele ya kioo, aangalie upinde ukienda sambamba na daraja. Halafu skeli moja, yaani ngazi ya sauti. Halafu sehemu ngumu ya wimbo, si wimbo mzima: mizani miwili au mitatu, yaani vipande vifupi vya mapigo, polepole, na metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, kwenye 60 kwa dakika. Akiipata sawa mara tatu mfululizo, aongeze hadi 64. Akikosea, arudi chini. Watoto wenye kipaji ndio hasa hukimbia hapa, kwa kuwa sikio lao limeshaujua wimbo, na vidole vinahifadhi makosa kwa uaminifu uleule vinavyohifadhi usahihi. Wewe kaa ndani ya somo, andika alichosema mwalimu, nyumbani mkumbushe jambo moja tu kwa siku. Na mwache aimbe sauti kabla ya kuipiga.

Akilalamika maumivu ya shingo, bega au kifundo, mazoezi yanasimama siku hiyo. Usimwambie avumilie. Mwalimu atazame kwanza pedi ya bega na kidevu.

Mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ina madaraja 1 hadi 8, na tangu 2020 upo ule wa kurekodiwa kwa video: nyimbo nne mfululizo bila kukatakata. Hana haja ya kusafiri. Ila kufika daraja la 6 kwa kawaida hutakiwa awe amefaulu nadharia ya daraja la 5, basi nadharia ianze mapema.

Harusini bado. Si kwamba taarabu itamharibu, la hasha. Kumfuata mwimbaji kunafundisha sikio jambo ambalo kitabu hakifundishi. Mpeleke kwenye mazoezi ya kikundi, jioni, akae karibu na wapiga fidla. Usiku wa manane na spika kubwa ni vya watu wazima. Jihadhari na jambo moja: wapiga fidla wengi wa mtindo wa Kiarabu hukaza nyuzi nne kwa sauti za sol-re-sol-re, yeye anajifunza kwa sol-re-la-mi. Asibadilishe sauti za nyuzi za fidla yake huku na huko, nyuzi zitachoka na daraja litavutwa. Waombe wamwazime.

Akipenda ala nyingine za nyuzi za taarabu, udi au qanuni, baadaye, Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar wanafundisha vyote pamoja na fidla. TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mnayo hapo hapo. Ni chuo cha waliomaliza sekondari, lakini mpeleke akatazame wanafunzi wakipiga.

Mpime mkono kwa utepe, kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja, mkono ukiwa umenyooka, unitumie sentimita. Nikishajua kama ni nusu au robo tatu, fundi wa hapa ataitengeneza na nitaituma kwa mtu, si kwenye buti la basi.

Baba yako