Sahani Zenye Maandiko: Maswali Yenu Kuhusu Meza ya Kiyahudi

Tangu nigusie Pasaka ya Kiyahudi hapa, maswali mengi mliyonitumia yanahusu vyombo.

Nimepata mnadani sinia la kauri lenye Kiebrania na vishimo sita. Ni la kazi gani? (Msomaji, Tanga)

Hilo ni sinia la Seder, chakula cha usiku wa kwanza wa Pasaka; Wayahudi wengi walio nje ya Israeli hurudia usiku wa pili. Kila kishimo kimeandikwa jina la kinachokaa humo: zeroa (mfupa wa kuchoma), beitza (yai), maror na hazeret (mboga chungu), karpas (kijani cha kuchovya katika maji ya chumvi) na haroset. Hii haroset ndiyo tamu yao. Wa Ulaya husaga tufaha, kokwa za walnut, mdalasini na divai. Wa nchi za Mashariki hupenda tende. Inatoka rangi ya udongo makusudi, kukumbusha udongo ambao Waisraeli waliukanda Misri wakiwa watumwa.

Ukitaka kuwekea matunda, weka tu. Hayo ni majina ya vyakula. Ila chunguza ukingo wake, maana masinia mengine yamezungushiwa maandiko.

Je, Myahudi anaruhusiwa kula kwenye sahani yenye Jina la Mungu? Si litasuguliwa na kufutika? (Msomaji, Zanzibar)

Swali hili limenifurahisha, hasa kwa kutoka Zanzibar mnakojua kombe: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, ikaoshwa na maji yakanywewa. Kwa Wayahudi mwelekeo ni kinyume. Kumbukumbu la Torati 12:3-4 inaamuru majina ya miungu ya watu wengine yafutwe, kisha inasema msimtendee hivyo Bwana, Mungu wenu. Marabi wakachukua hapo katazo la kufuta Jina.

Talmud, mkusanyo wa mijadala ya marabi kuhusu sheria, inafika hadi kwenye mipini ya vyombo na miguu ya vitanda: Jina likiwa limeandikwa hapo, sehemu hiyo ikatwe na kuhifadhiwa. Hifadhi hiyo huitwa geniza. Ile ya sinagogi la Ben Ezra, Cairo, ilikuwa imejaa karatasi za karne nyingi, na mwanazuoni Solomon Schechter alihamishia sehemu kubwa yake Cambridge mwaka 1896-97.

Ndiyo maana watengenezaji makini wa vyombo huchagua mstari usio na Jina, au huweka herufi moja ya kulidokeza. Mimi nauona huo ndio ustaarabu wenyewe, kuliko kujaza dhahabu sahani nzima halafu mwoshaji ahangaike na dodoki.

Hata hivyo Torati yenyewe ina kitu kinachokaribia kombe. Katika Hesabu 5:23, kuhani anaandika laana kwa ajili ya mke anayeshukiwa uzinzi, anazifutia katika maji machungu, na mwanamke anayanywa. Marabi walishangazwa na hilo: Mungu anakubali Jina lake lifutwe ili amani irudi kati ya mke na mume.

Kikombe cha fedha cha Ijumaa huandikwa nini? (Msomaji, Nakuru)

Mara nyingi Kutoka 20:8, “Ikumbuke siku ya Sabato uitakase”, au baraka ya divai. Lakini maandishi hayatoshi. Kidush, yaani baraka ya kuitakasa Sabato inayoanza Ijumaa jioni, lazima itamkwe, na kikombe kisicho na nukta hata moja kinafaa sawasawa. Kinachoangaliwa ni ujazo: wengine husema mililita 86, wengine mililita 150 hivi. Wakati huo mikate miwili ya kusuka imefunikwa kitambaa, nacho hutariziwa maneno. Wanasema ni ili mkate usione haya divai ikibarikiwa kwanza.

Mbona wengine huondoa kisu mezani kabla ya kushukuru? (Msomaji, Bukavu)

Kwa sababu meza imechukua nafasi ya madhabahu ya Hekalu la Yerusalemu, na mawe ya madhabahu hayakuguswa kwa chuma. Chumvi kwenye mkate inatoka huko huko, Mambo ya Walawi 2:13, panapoagizwa sadaka zitiwe chumvi.

Niko Toronto kimasomo, nimealikwa chakula cha Ijumaa usiku kwa familia inayoshika dini. Nibebe nini? (Msomaji)

Usibebe chakula ulichopika, mdogo wangu. Nyama na maziwa havichanganyiki kwao, na kila kimoja kina sahani zake, kwa hiyo sufuria yako itawatia mashakani. Ukienda na divai, iwe yenye muhuri wa kosher, yaani inayokubalika kwa sheria yao ya vyakula. Watakapokupa kikombe chenye masikio mawili, mimina maji mkono wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, ukae kimya hadi mkate ukatwe. Hawajakununia, hakuna kuzungumza katikati hapo. Maua ni salama, ila yapeleke kabla jua halijazama, maana kuyatia majini Sabato ikishaingia kuna masharti yake.